Rangi ya Mpira Aliyoitaja Suman

Baba,

Naogopa. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na najua ungenikatisha hapo hapo: "Kwanza salamu, Rukia, hofu haikimbii." Basi asalaam alaikum, baba yangu, Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Sasa niache niseme. Naogopa, na karatasi nimeikandamiza juu ya goti nikuandikie.

Nimekaa kwenye korido ya hospitali ya macho, hapa hapa London. Nyuma ya mlango ulio mbele yangu yupo Suman, na daktari anamtazama jicho la kushoto. Ndege iliyokuwa impeleke kwenye mashindano na timu ya taifa ya Nepal imeondoka leo asubuhi bila yeye. Aliyemzuia ni mimi. Tangu jana hajanitazama usoni wala hajanijibu neno.

Nikueleze taratibu, ingawa taratibu yenyewe sina leo.

Unakumbuka ulivyompata. Ulikuwa unarudi zamu yako ya kuendesha basi, umekatisha kiwanja cha nyuma ya fleti zetu Thamesmead, kofia yako ya viua, ile ya kudariziwa, kichwani, mfuko wa mkate mkononi. Ukaona kitoto cha Kinepali kinapiga mpira wa tenisi ukutani kwa kipande cha ubao. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa jeshi la Waingereza, amestaafu, wamehamia Plumstead, na mtoto hajui mtu. Mwingine angepita. Wewe ukasimama kwenye uzio unapiga kelele: "Mguu! Mguu uende mbele!" Kwa Kiswahili! Mtoto anakutazama tu. Ukaruka uzio, na umri ule, ukampa Mama kazi ya kushona suruali, na mkate haukufika nyumbani.

Tangu siku ile alikuwa wako. Ulimfundisha kriketi kama ulivyofundishwa Unguja ulipokuwa mwanafunzi, kwa ukali na kwa mzaha. Na ule mtindo wako wa mipira. Upande mmoja unauacha mweupe, upande wa pili unaupaka rangi nyekundu, unamrushia, na kabla hajaugusa na gongo lake sharti aseme upande upi ameuona. "Nyekundu!" "Nyeupe!" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwanzo ya Kiswahili. Akikosea unamwambia akazunguke kiwanja.

Ile rangi ilikuwa rangi ya kucha, na bado nacheka nikikumbuka Mama alivyoikuta chupa kwenye koti lako. Mama hapaki rangi ya kucha, atatiaje udhu? Basi ni ya nani? Alinuna, chai ukajipikia mwenyewe, na ulipomwambia "ni ya mipira" akazidi kununa, maana uongo gani huo. Ikabidi Suman aletwe sebuleni na mpira wake kutoa ushahidi.

Huku hawakumchukua. Timu za vijana zilimwambia ni mfupi, arudi mwakani, na mwakani wakamwambia vile vile. Wakamwita kwao, timu ya vijana ya Nepal. Siku aliyocheza mechi yake ya mwanzo tulikusanyika sote kwenye simu, umekwangua kadi mbili za simu, mjomba wake yuko uwanjani Kathmandu ameinua simu juu tusikie watu. Tulisikia ngurumo tu. Kila ngurumo unauliza, "Kapiga au katoka?" Alikuwa amepiga. Alivuka mikimbio hamsini, na wewe ukaenda chumbani ukajifanya unatafuta tasbihi. Nilikuona, Baba. Ulikuwa unalia.

Halafu timu kubwa. Kijana mdogo kuliko wote, ndiye wa kwanza kuingia kupiga. Kule watoto wanalijua jina lake, huku anapanga maboksi ghalani. Alikuletea kofia yake ya taifa ukaivaa juu ya kofia yako ya viua, ukaenda nayo mpaka dukani. Nguo zako tumezitoa sadaka, lakini hiyo Mama amekataa isiguswe.

Mama yuko eda bado, hatoki. Suman anajua kuwa haruhusiwi kuingia kumwona, basi anaacha machungwa mlangoni na kusema kwa sauti, "Mama, shikamoo!" Mama anaitikia kutoka ndani, kisha ananiuliza amekonda au hakukonda. Siku tuliyokuzika alisimama nyuma ya wanaume wote, akatazama wanavyofanya, akatia udongo mara tatu kama wao.

Sasa niseme lililonileta hapa.

Msimu ulipoanza, mechi ya mwanzo ya klabu, mpira ulimrukia ukampata usoni, ukapenya kwenye vyuma vya helmeti. Shavu lilivimba. Hospitali wakamtazama mfupa, wakaona mzima, wakamwambia arudi kupimwa jicho. Hakurudi. Alisema anaona vizuri. Nami nikafurahi kusikia, nikaendelea kumrushia mipira jioni baada ya kazi, maana tangu uondoke ni mimi ninayemrushia. Usicheke. Mkono wangu si mbaya.

Jumapili iliyopita nikaona kitu. Anageuza kichwa kizima kama kuku. Na rangi anaitaja upesi mno, mpira haujanitoka vizuri mkononi. Nyekundu, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Mara anapatia, mara anakosea, na akikosea anatania. Nikachukua kwenye mfuko mpira mpya, mweupe mtupu, haujapakwa kitu. Nikasogea upande wake wa kushoto. Nikarusha.

"Nyekundu!" akasema. Kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Mpira ulimpita karibu na sikio na yeye bado anausubiri. Nikamfuata, nikaushika nikamwonesha. Kisha akakaa chini na pedi zake miguuni, akaniambia kuna kivuli kama pazia, kinateremka, kila siku kinateremka kidogo. Akanambia, "Didi," hivyo ndivyo wao wanavyomwita dada mkubwa, "Didi, please, mashindano haya tu. Wakijua, hawaniiti tena." Akataka nimwapie kwa kaburi lako kwamba sitosema. Nikamwambia sisi hatuapi kwa kaburi. Ni kweli hatuapi, lakini siku ile niliishika dini kama mtu anayezama anavyoshika kamba, maana lau angeniambia niape kwa Mungu sijui ningemjibu nini.

Siku tatu nikazunguka na jambo hilo. Nawaogesha wazee kazini, naona warushaji wa timu ngeni wanakuja mbio, wanarusha mpira mgumu kama jiwe, na yeye amesimama amegeuza kichwa. Nikisema, namuua akiwa hai. Nisiposema, simu italia kutoka huko mashindanoni, kwamba mpira umempata. Nilikuwa nikiisikia simu hiyo hata pale isipolia.

Na nilikukasirikia wewe. Ndiyo. Ulituambia ni gesi. Ulikunywa maji ya tangawizi mbele yetu, ukajigonga kifua, ukasema gesi tu hii, na tulipokuwa tunakunja nguo zako tukakuta vidonge vya moyo ndani ya soksi. Ulituonea huruma, najua. Ulitaka tule, tucheke, tulale. Lakini Mama anakaa kitandani anajiuliza ilikuwaje asijue, na hana wa kumjibu. Hiyo si huruma, Baba. Samahani. Sijawahi kukusemesha hivi na sitorudia, lakini leo ilinibidi.

Jana nilipotoka kazini nikapanda basi mpaka Plumstead, kwa baba yake. Mzee akanipa chai, akaniuliza hali ya Mama. Nikasema yote bila kugusa kikombe. Aliinuka, akaingia chumbani mwa mwanawe, akatoka na pasipoti, akaitia mfuko wa ndani wa koti, kisha akachukua kiti akakiweka mlangoni, akakaa. Suman aliporudi na mabegi yake mapya akatukuta hivyo. Akaelewa. Alinitazama kwa jicho lile zima akasema, "Umeniua, Didi." Kwa Kiswahili alisema, Baba. Kiswahili chako.

Leo wamekuja wawili, baba na mwana, nami nimewafuata bila kuitwa. Nimekaa benchi la mbali. Daktari ametoka mara moja akamwita mzee, nikasikia maneno kidogo: utando wa ndani wa jicho umebanduka, wafanye upasuaji leo leo, na hajui watauokoa kiasi gani. Kucheza hakukutajwa. Mzee ameingia na mlango umefungwa. Sijui ndani wanasemaje. Nimesoma Ayatul Kursiy mpaka naruka maneno. Nikifumba macho namwona amesimama kiwanjani peke yake, na mpira unakuja.

Subiri.

Mlango umefunguka. Mzee ametoka, amekuja moja kwa moja mpaka benchi langu, amesimama wima kama yuko gwaride, na midomo inamcheza. Amesema, "Mimi kanitoa. Anakutaka wewe." Nimemuuliza amesema nini. Amesema Suman amefungwa macho yote mawili, na anataka mtu wa kukaa naye atakayemwambia uso wa daktari ukoje.

Basi naingia, Baba. Bado naogopa, sasa hivi hata zaidi. Buriani, na unisamehe ukali wangu, nami nimekusamehe ule uongo wako wa mapenzi. Nakuahidi jambo moja. Akiniuliza uso wa daktari ukoje, nitamwambia ulivyo.

Binti yako,
Rukia