Mbuzi wa Virginia

Kiritiri, 8 Juni 2024

Mpwa wangu Munene,

Natumaini baridi ya Kinoru haijakumaliza. Sisi tu wazima. Mbuzi wamekonda, lakini na sisi pia. Naandika kwa sababu nikipiga simu mama yako husikia kupitia ukuta.

Alirudi kliniki Embu. Mapafu ni yale yale. Miaka thelathini ya kuuza makaa haifutiki. Lakini nesi amemwambia, "Virginia, tembea kila siku, mpaka uhemeheme kidogo." Basi anatembea. Nguzo tatu za umeme, anasimama, anapuliza polepole kama anayepoza chai, anaendelea.

Anasema siku ya kupeleka mahari yako Mitunguu, ni yeye atakayewaongoza akina mama kwa wimbo, kwa miguu, hadi langoni kwa wakwe. Nilicheka. Aliniangalia, nikaacha.

Mjomba wako,
Njoka

Kinoru, 16 Juni

Mjomba,

Nashukuru mko salama. Mchumba wangu Kendi anakusalimu, na goti lako linaendeleaje?

Tafadhali mketishe Mama. Februari nilimbeba hadi kwenye gari midomo imegeuka rangi, wewe hukuwepo. Mtu asiye na pumzi hatembezwi. Mitunguu atashukia ndani ya boma, akae kitini. Akikataa, nitamhamishia huku nimwangalie mwenyewe.

Mpwa wako,
Munene

Kiritiri, 7 Julai

Mpwa wangu,

Habari za kazi? Goti linasema mvua, mbingu zinakataa. Barua yako ilifika. Mama yako aliisoma kabla yangu. Nilimpa kiti kama ulivyoagiza. Ameanika ndengu juu yake.

Kinachomsumbua njiani si pumzi tu, ni salamu. Huku humpiti mtu bila kuulizia watoto wake wote, na yeye hawezi kuongea na kupanda kilima pamoja. Tena mwanamke akitembea mikono mitupu anaulizwa nani amekufa. Alipobeba mtungi, jirani yetu Peninah alimnyang'anya: "Mgonjwa habebi." Basi akashika kamba, akasema anatafuta mbuzi. Hakuna anayemchelewesha mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Ujanja ulidumu siku tisa. Siku ya kumi Muriuki, yule muuza mchanga, akamletea mbuzi.

"Mama Munene, nimempata."

"Si huyu."

"Mwangalie vizuri. Kijiji kizima tumemtafuta."

Jumapili ikabidi asimame kanisani aungame kwamba hana mbuzi aliyepotea, ana mapafu. Walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Sasa Peninah na wenzake wanne wanatembea naye kila asubuhi, na wao ndio wanaojibu salamu. Jana alifika nguzo ya ishirini na mbili. Nilihesabu nikijifanya natafuta skrubu.

Nimetengeneza redio miaka mingi, sijaona kitu kikongwe kikishika moto hivi. Kabla hujamhamisha, mwone.

Mjomba wako,
Njoka

Kinoru, 18 Agosti

Mjomba,

Natumaini umeamka salama, na pole kwa kubaki kulinda boma jana tulipopeleka mahari. Wakwe wamekuulizia.

Nilikuwa nimemwagiza dereva amwingize Mama hadi ndani. Kwenye migomba, kabla ya mwinuko, Mama akamgusa dereva bega: "Nishushe hapa." Nikamkimbilia.

"Mama, ni mbali."

"Usinisemeshe kwenye kilima."

Akatangulia. Langoni, akina mama wa kwao Kendi wakafunga, kama ilivyo desturi, wakitaka waimbiwe. Mama akatoa mstari mfupi. Peninah na wenzake wakaitikia, wakaurefusha sana, na hapo ndipo nilipoelewa: wao wakiitikia, yeye anapumua. Akatoa wa pili. Shangazi zake Kendi wana roho ngumu, Mjomba. Waliimbiwa mara kumi na nne. Nilitaka kuwaambia yeye ni mgonjwa. Peninah alinikanyaga mguu.

Lango lilipofunguliwa, Mama alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, hawezi kunena. Midomo yake niliiangalia kwanza. Ilikuwa sawa. Akanyoosha kidole kuonyesha kiti, ndipo nikakileta.

Simhamishi tena. Nina likizo kuanzia Ijumaa. Mwulize wanatoka saa ngapi asubuhi, na kama wanakubali mtu wa kufuata nyuma. Nimenunua raba.

Mpwa wako,
Munene