Tumemwona Kamau kwa Mbali

Ruiru, Jumamosi, Julai 1958

Ukungu haujaondoka juu ya mibuni tangu asubuhi, na baridi ya mwezi huu ni ile ya kumfanya mtu ajifunike gunia juu ya sweta bila kuona haya. Lakini leo sina neno na baridi. Nimeketi karibu na moto, Wambui wangu amesinzia kwenye mapaja ya nyanya yake, na uji aliokunywa umekaa tumboni.

Umekaa!

Wiki nzima hakuna kilichokaa. Ilianza kama mafua ya kawaida, pua na kikohozi kidogo, mambo ya Julai. Kisha kikohozi kikabadilika. Mtoto anacheza vizuri, hana homa, anawachokoza kuku. Ghafla kinamshika, kimoja juu ya kingine bila nafasi ya kupumua, mpaka uso unaiva na macho yanatoka machozi. Anapoivuta pumzi tena, inatoka sauti kama ya jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Halafu anatapika. Halafu anafuta mdomo na kuwarudia kuku wake kana kwamba hakuna lililotokea. Hiyo ndiyo iliyotudanganya. Nani atamwita mgonjwa mtoto anayekimbiza kuku?

Mimi nilianza kushuku mapema. Neno kifaduro lilikuwa limenikaa kooni, ila sikutaka kulitamka, maana kulitamka kulikuwa na gharama yake.

Niieleze hiyo gharama, ili nikija kuisoma shajara hii nikiwa mzee nisijione mwendawazimu.

Wifi yangu Njeri, aliyeolewa Thika, amejifungua mtoto wa pili wa kiume. Kwa desturi yetu, mvulana wa pili huchukua jina la baba wa mama yake. Kwa hiyo mtoto ni Kamau, jina la marehemu baba mkwe wangu. Na kwa mama mkwe wangu, ambaye Wambui humwita Cucu, huyo si mjukuu tu. Ni mzee wake amerudi. Tangu habari zifike anamtaja kama mtu aliyekwenda safari: “Mzee wangu amefika,” “Mzee wangu anataka uji.”

Sasa binti yangu naye amepewa jina la Cucu. Basi kwa hesabu ya Cucu, Wambui ni Cucu mwenyewe, na mtoto mchanga wa Thika ni mume wake. Mke gani hatampelekea mumewe uji? Shauri lilikuwa limekatwa kwamba Wambui ndiye atakayekiingiza kibuyu nyumbani kwa Njeri na kumpakata huyo “mume” kabla ya wanawake wengine wote. Alishonewa hata kitambaa cha kichwa. Kijiji kizima kilimtania, na yeye akawa anajibu kwa maringo kwamba mume wake hana meno.

Huyo ndiye mtoto niliyetakiwa kumzuia.

Na nikiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka: nilichoogopa zaidi si hasira za Cucu. Mimi sijajaliwa mvulana. Kama ningejaliwa, Kamau wa kwanza wa nyumba hii angetoka kwangu, maana mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Nikisema Wambui asiende, nilijua watakachonong'ona wanawake kwenye mistari ya kahawa. Mama Wambui ana wivu. Baba Wambui yuko Nakuru kwenye kazi ya reli, harudi mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakukuwa na wa kusema neno hilo kwa niaba yangu.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wanasema. Sijasikia methali ya mchelea mama mkwe.

Nyapara alikuwa amenipa ruhusa ya siku moja tu, ya leo, kwenda Thika kumwona mzazi. Jana jioni Cucu alikuwa anakoroga uji, na Wambui akashikwa na kikohozi palepale jikoni. Safari hii pumzi ilichelewa kurudi. Midomo yake ikageuka rangi. Nilimwinamisha, nikamshika paji la uso, nikawa namwita Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Iliporudi ile sauti ya jogoo, nikaketi chini kwenye majivu.

Hapo ndipo nikasema. Kesho tunakwenda Thika, ndiyo, lakini hospitali. Kwa Njeri hatuingii.

“Hii kikohozi ni ya baridi tu!” Cucu akang'aka. “Mama Wambui, wewe unataka kunizuia nisione mzee wangu?”

“Maitu, mama yangu,” nikamwambia, “kama ni baridi, daktari atasema ni baridi, na nitakubeba mgongoni mpaka mlangoni kwa Njeri. Lakini kama ni kifaduro, Wambui akimkoholea yule mtoto, utamzika mzee wako mara ya pili.”

Cucu alifunika sufuria akaenda kulala bila kuniaga, na mimi nikajiona mtu mwovu kabisa.

Asubuhi nilimkuta amevaa shuka lake safi, kibuyu cha uji kimefungwa kiunoni. Hakusema anakwenda hospitali wala anakwenda kwa Njeri. Tulipanda nyuma ya lori la maziwa, penye upepo, mbali na watu.

Hospitalini Wambui alikataa katakata kukohoa. Alikaa mbele ya daktari kama bibi harusi, kimya, mikono mapajani. Cucu alinitazama kwa jicho la “nilikuambia.” Nilitamani kumtikisa mwanangu, Mungu anisamehe. Kisha daktari akamuuliza kama ameolewa, maana amefunga kitambaa kizuri hivyo. Wambui akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na jogoo akawika pale chumbani mpaka muuguzi akaja mbio na beseni.

Daktari hakuhitaji kuuliza zaidi. Ni kifaduro. Akasikiliza kifua kwa muda mrefu, mbele na nyuma, nami nikawa nimeacha kupumua kwa niaba ya mtoto. Akasema mapafu ni safi. Ni mkubwa, ana nguvu, atakohoa kwa wiki nyingi na kutuchosha, lakini atapona. Tumpe chakula kidogo kidogo, hasa akishatapika. Tumrudishe mara moja akishindwa kupumua au akipata homa. Akatupatia na dawa. Halafu akauliza kama kuna mtoto mchanga nyumbani.

Cucu ndiye aliyejibu. “Hayuko nyumbani. Yuko hapa Thika. Tulikuwa tunampelekea uji.”

Daktari akatikisa kichwa. Akasema mtoto wa umri huo akiambukizwa hata hawiki, huacha tu kupumua. Wala sisi tunaolala na Wambui tusimkaribie mchanga huyo kwa sasa.

Cucu alikitazama kibuyu chake njia nzima kutoka hospitalini. Nilifikiri analia, nikaogopa kumtazama. Tulipofika karibu na kwa Njeri alisimama ng'ambo ya barabara, akapaza sauti ya kuwatoa watu majumbani. Njeri alitoka mlangoni. Nilimpigia kelele asivuke, nikamweleza yote kutoka hukohuko, wapita njia wakisikia. Akaingia ndani, akatoka na furushi, akalifunua upande mmoja na kuliinua juu.

Tuliona kichwa tu. Cheusi, kidogo.

Wambui akapunga mkono kwa mume wake. Cucu alisimama wima muda mrefu, kisha akacheka, kicheko cha msichana ambacho sijawahi kukisikia kwake.

“Hata ile mara ya kwanza nilimwona hivi hivi,” akasema. “Mimi upande huu wa mto Chania, yeye upande ule. Na sikuvuka. Alivuka yeye.”

Uji wa mume umerudi Ruiru, na mke ameunywa, kidogo kidogo kama tulivyoagizwa. Hapo jirani alipochungulia mlangoni kuuliza mbona hatukuingia kwa Njeri, nilifungua mdomo kujitetea, lakini Cucu alinitangulia. “Mimi ndiye nimekataa,” akamwambia.

Wambui ameanza kukohoa tena. Kalamu ingoje.