Ncha ya Chini ya Uzi

Kerege,
14 Julai 2024.

Kwa kaka yangu Bilali,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mwajabu na watoto, na kwamba ile homa ambayo Feisal alinieleza kuwa ilimlaza wifi wiki mbili sasa imekwisha. Mimi huku kiafya sijambo. Goti la kulia linaniuma nikisimama sana, lakini goti hilo ni la ukoo, nawe unalo.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Tangu arobaini ya baba nimekupigia mara nne, na mara zote nne tumesalimiana vizuri, tumeulizana habari za mvua, kisha mmoja wetu akasema salio linakwisha. Karatasi haina salio. Nampa Feisal, maana gari lake la mananasi hupita hapa kila Jumatatu likirudi Kiwangwa tupu. Nimemwambia akukabidhi mkononi, na bahasha nimeifunga kwa gundi ya mbao, maana namjua.

Nyumba ni ile ile. Paa la jikoni lilivuja masika yote, nikapanda mwenyewe nikaliziba. Kazi ipo. Watu wanajenga nyumba za wageni mpaka Kaole, na kila mmoja anataka miguu ya meza iliyokerezwa na nguzo za ngazi. Wakipiga simu huuliza kama fundi yupo. Nawaambia ameenda kuswali, waje keshokutwa. Wakija wanakuta kazi tayari, wanapapasa mbao, wanasifu, wananiachia salamu nimfikishie fundi. Zamani tulikuwa tukilicheka sana jambo hili mimi na baba. Siku hizi nazipokea zile salamu na sina wa kumfikishia.

Upweke umenishika vibaya, kaka. Bado napika wali wa watu wawili, na ukibaki naukasirikia kana kwamba kuna mtu aliyekataa kula. Mchana nina mashine ya kukerezea, inanipigia kelele, nami najibu. Lakini nikiizima ule ukimya unaingia mpaka chumbani, nami nawasha redio hata kama ni matangazo ya vifo. Bi Zeyana wa nyumba ya pili alikuwa akija kuchukua maranda ya kulazia kuku wake, na alikuwa na maneno ya kutosha watu watatu. Wiki hii hajaja. Sababu yake utaiona mbele.

Siku ya maziko nilikuona. Wanaume wenzako walikuwa barazani, wewe ukaenda kusimama kwenye mlango wa karakana. Hukuingia. Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe, nikakuona umeinua macho kwenye ule msumari wa juu ya dirisha, unautazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha pale. Kisha ukaondoka kabla ya chakula, na Kiwangwa si mbali kiasi hicho. Nataka urudi kwenye karakana hii, kaka. Ndilo ninalolitaka kwa barua hii. Lakini siwezi kukuita kabla sijakueleza ule uzi wa bluu uliokuwa ukiutafuta ulikwenda wapi.

Nianze na egemeo, kile chuma cha mbele ya mashine tunachowekea patasi. Unalijua kuliko mimi. Naliandika ili ujue kwamba nami nalijua, na nimelijua zamani kuliko unavyodhani. Egemeo likiwa sawa, makali hukutana na gogo linalozunguka katika usawa wa katikati yake, au juu kidogo, na maranda hutoka marefu kama tambi. Likiwa chini kuliko linavyomfaa aliyeshika patasi, makali huingia chini ya ule usawa, na hapo gogo halikatiki tena, linaipanda patasi na kuivuta chini pamoja na mkono. Na kimo cha egemeo si kimoja kwa watu wote. Mtu mrefu hushika mpini juu, patasi ikalala. Mfupi mpini wake uko chini na makali yanaelekea juu, kwa hiyo egemeo lake lazima lishuke.

Ndiyo maana baba alikuwa na nyuzi. Alikusimamisha kwenye mashine, akapandisha na kushusha egemeo mpaka patasi ikakata bila kupiga kelele, kisha akapima uzi kutoka sakafuni hadi juu ya chuma, akaukata, akaufunga vifundo viwili na kuutundika msumarini. Wake ulikuwa na kifundo kimoja. Sheria ilikuwa moja tu: ukimaliza kazi yako, rudisha egemeo kwenye uzi wa mzee na ukaze bolti, ndipo uondoke. Mimi sikuwa na uzi. Mtoto wa kike akatiwe uzi wa nini, na kazi yake ni kufagia maranda na kuleta chai.

Ile Ijumaa tunaikumbuka sote. Asubuhi ulikuwa unachimba kinu cha mkongo, na kinu kwa ndani kinataka egemeo lishushwe. Mkaenda kuswali. Mliporudi umeme ulikuwa umekatika, na yule mteja wa Lugoba alikuwa amekaa na gari lake nje akingoja mguu wa nne wa kitanda. Umeme uliporudi baba hakupima kitu, kwa sababu miaka yote egemeo lilikuwa likimngoja mahali pake. Akaweka patasi. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia mlio mmoja, halafu nikamsikia baba akikuita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Dole gumba la kushoto lilikuwa limesagika kati ya patasi na chuma. Hata kabla hatujampakia kwenye gari la mteja kumpeleka hospitali, mkono umefungwa kwa khanga, alitaka uzi. Akapewa kipande cha nailoni ya bluu. Akakuamuru upige goti ushike ncha ya chini sakafuni, yeye akaivuta ya juu hadi kwenye egemeo, akaukata kwa meno na kuutundika pembeni ya wake. Ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Akasema mbele ya mteja na majirani kwamba wote waone mwanawe alivyomwachia mashine, na kwamba hataki kuuona mkono wako pale tena. Uliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa ulilirudisha egemeo. Baba alikuonyesha uzi. Wiki haikwisha ukahamia kwa wakwe zako kulima mananasi.

Miaka kumi na moja. Feisal ananiambia hata mpini wa jembe unanunua, hutaki kuchonga. Na wifi Mwajabu, usimgombeze, aliniambia mwaka juzi kwamba siku hizi huapi tena. Watoto wakikuuliza babu alipotezaje dole, unasema ni wewe, labda ulisahau, labda ulikuwa na haraka ya swala.

Hukusahau. Ulilirudisha, kaka. Nililikuta kwenye usawa wa baba kabisa, na bolti ulikuwa umeikaza mpaka nikaishika spana kwa mikono miwili kuilegeza. Aliyelishusha egemeo ni mimi.

Nilikuwa nafanya hivyo kila Ijumaa tangu nina miaka kumi na sita. Mkitoka kwenda msikitini nilikuwa na muda wa kutosha peke yangu na mashine, na maranda yangu niliyachanganya na yenu, na nani angejua, wakati mfagiaji ni mimi. Nililishusha kwa kukisia, kidogo kidogo, mpaka siku moja patasi ikanyamaza na kukata. Sijawahi kufurahi kama siku ile, na sikuwa na wa kumwambia. Ile Ijumaa nilikuwa nakereza mchi mdogo wa kutwangia iliki. Umeme ukakatika nikiwa namalizia kichwa chake, na mara nikasikia sauti zenu njiani. Nikauchomoa mchi nikakimbia nao jikoni chini ya khanga. Nilijiambia kwamba umeme haupo, hakuna atakayeigusa mashine, nitaingia kulipandisha mkikaa kula. Umeme ulirudi kabla sijapakua.

Ulipopiga goti na ile ncha ya uzi, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na beseni la maji. Neno lilikuwa mdomoni. Niliogopa, kaka, wala sitalitafutia jina zuri zaidi. Nilimwogopa baba, niliogopa majirani, nikajiahidi kusema kesho. Kesho yake ulikuwa unafunga mizigo. Baada ya hapo kila siku ilikuja na sababu yake, na mimi nikaishi katika nyumba uliyoihama kwa sababu yangu, nikala chakula chake na kulala chini ya paa lake.

Na baba alijua. Hili nalo ulipate, ingawa ni vigumu kumsema aliyekwisha kwenda. Miaka miwili baada ya wewe kuondoka, mkono wake ukiwa haushiki tena patasi na wateja wakianza kutupotea, nilimwomba nijaribu. Alicheka, akakaa kwenye kigoda aone mchezo. Mikono yangu ikafanya ilivyozoea, ikalegeza bolti, ikashusha egemeo, ikakaza. Nikakereza mguu mzima wa meza bila kuinua kichwa. Nilipoinua, baba alikuwa hacheki. Akaniambia nikalete chai. Nikiwa jikoni nilimwona kwa dirisha akiuondoa uzi wa bluu msumarini. Ncha moja aliikanyaga kwa kidole cha mguu, nyingine akaivuta kwa mkono wake mzima hadi kwenye egemeo. Ilifika pale pale. Akautia uzi mfukoni. Nilipoleta chai akanywa, akasema iliki leo imetwangwa vizuri.

Basi tukaishi hivyo miaka tisa. Yeye alijua kuwa ni mimi, nami nilijua kuwa anajua, na kila jioni tulikula sahani moja tukizungumzia mbao. Mara mbili katika mwezi wake wa mwisho aliniambia nikupigie simu uje, na mara mbili, nikiwa nimeshika simu, akasema niache. Nadhani aliona haya kukutazama usoni. Nami sikusisitiza, kwa sababu ungekuja angekwambia. Hilo ndilo baya kuliko yote niliyokuandikia. Ile ya Ijumaa ilikuwa ajali na woga wa msichana. Hii niliifanya na akili zangu timamu, na baba akafa bila kukuona.

Uzi huo wa bluu niliukuta baada ya arobaini kwenye mfuko wa koti lake la Idi. Nimeutia katika bahasha hii. Wifi na watoto wauone, na uwaambie ulikuwa wa nani. Mimi nimeanza upande huu. Bi Zeyana alikuwepo siku ile na alikusema sana, kwa hiyo nilimfuata wa kwanza nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Ndiyo maana maranda yamejaa hapa hadi mlangoni. Wengine nitawafikia, mmoja mmoja.

Sikuombi uniambie kuwa si kitu. Ukitaka kunyamaza utanyamaza, nami nitajua ni haki yako. Nisalimie sana wifi Mwajabu, mwambie dawa ya kikohozi aliyoniagiza nimempa Feisal. Nisalimie wadogo wote, na zaidi Ashura, mwenye jina la mama, ambaye sijamwona ila kwenye picha ya simu. Feisal anasema ana miaka kumi na ameshanipita urefu, jambo ambalo kwa kweli si kazi kubwa.

Nyuzi zenu mbili bado ziko msumarini. Wako baba hakuutoa hata siku moja, pamoja na hasira zake zote. Mimi uzi wangu wa halali sijakatiwa mpaka leo, na ningependa ukatwe, ila ninahitaji mtu wa kushika ncha ya chini. Najua naweza kuikanyaga kwa mguu, kama alivyofanya baba. Sitaki.

Ni mimi mdogo wako,
Adila.