Siku Tuliyofunga Mtandao Darini

Jumatano, Utende. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua haijanyesha. Joto limejaa ofisini na madirisha yote yako wazi.

Naandika haya nikiwa peke yangu, adhana ya Magharibi bado. Wachache mnaosoma ukurasa huu mmezoea kunikuta nikilalamikia barabara, vikao visivyoanza kwa wakati na barua zisizo na tarehe. Leo sina wa kumlalamikia.

Mdogo wangu Haji amefariki.

Nitaieleza siku kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio ulionifikisha hapa.

Haji na mimi tumezaliwa tumbo moja, kisiwani Juani, ng'ambo ya maji kutoka hapa Utende. Kwa miaka kumi na moja hatukusemezana, na chanzo kilikuwa maziko ya mama yetu. Mama alifariki Juani asubuhi, mimi nikiwa mwalimu mkuu Kilindoni. Nilipofika hapa Utende maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya matope, wala hapakuwa na wa kunivusha. Nilisimama ufukweni nikiitazama Juani hadi macho yakauma. Nilipovuka, alasiri, nilikuta udongo mbichi umeshanyunyiziwa maji.

Haji alinijia akiwa bado na udongo viganjani. Alisema, "Kaka, jua lilikuwa kali. Tusingeweza kumweka."

Nilimjibu kwamba mimi ndiye mkubwa, na kwamba alipaswa kunisubiri. Baada ya hapo sikumjibu neno. Alituma watu wa kutusuluhisha. Kila Idi alituma salamu. Mwaka mmoja alikuja mwenyewe mpaka barazani kwangu, nami nikaagiza aambiwe kwamba nimelala. Nilimwona kupitia dirisha akivaa viatu vyake na kuondoka.

Wiki iliyopita mwanawe, Salimu, alinipigia kutoka Dar es Salaam. Haji alikuwa amelazwa. Ana uvimbe kooni, wamempitishia bomba shingoni, hawezi kutamka lolote. Kila anachotaka anakiandika kwenye daftari.

"Baba Mkubwa, ameandika jina lako," Salimu aliniambia. "Anataka mtakane radhi kabla hajaingia upasuaji."

Nilisema nitakuja. Sikwenda. Boti iliondoka Jumamosi, ikaondoka tena Jumatatu, na mara zote mbili nilikuwa na sababu: tangu nistaafu mimi ni katibu wa chama chetu cha wakulima wa mwani, fundi wa mtandao alikuwa anakuja Jumatano, na katibu lazima awepo.

Salimu akashauri kwamba niseme maneno yangu kwenye simu naye amwekee Haji sikioni, au niandike amsomee. Nikamkatalia. Nilimweleza kwamba radhi haiombwi kwa kusomewa. Watu wawili hutazamana usoni, mmoja akaomba, mwenzake akaitikia. Ndivyo tulivyolelewa. Na kwa kuwa Haji hana sauti, angeitikia kwa kichwa, nami sharti nikione kichwa hicho kikiinama.

Hapa Utende simu yangu hupeleka maneno vizuri, lakini picha hukwama. Jana nilijaribu, nikaona pembe ya dari ya wodi na robo ya uso wa Salimu, kisha vyote vikaganda. Ofisi ina mtandao mzuri uliovutwa mwezi uliopita, ila waya wake unaishia kwenye kompyuta moja chumbani kwa mwenyekiti, na kompyuta hiyo haina kamera. Mimi na Salimu tukaafikiana hivi: fundi akishafunga kisambazaji, yaani kile kifaa kinachorusha mtandao bila waya ili simu ziupate, nitampigia Haji papo hapo. Upasuaji ulipangwa kuanza leo saa sita mchana. Fundi angefika saa mbili asubuhi. Muda ulikuwa tele.

Fundi ni Rukia, niliyemfundisha darasa la sita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa dakika kumi na mbili."

"Bado unahesabu tu," alisema akiweka ngazi chini. "Mwalimu, mimi sasa nina watoto watatu, utanipigisha magoti mbele ya nani?"

Alizunguka vyumbani akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Jengo letu ni la zamani, kuta za mawe ya matumbawe, nene kama urefu wa mkono. Alisema kuta hizo zinameza mtandao, hivyo mahali pa kifaa pana maana. Pazuri zaidi ni darini, katikati ya ukumbi. Kisha akasema jambo ambalo limekuwa likinirudia kutwa nzima.

"Lakini nikikiweka hapa mezani sasa hivi, Mwalimu, dakika kumi mnapata mtandao humu ukumbini. Darini nitapandisha baadaye, bila haraka."

"Makubaliano ya kazi yanasemaje?"

"Yanasema darini."

"Basi darini."

Bi. Mwanahawa, mwenyekiti wetu, alikuwa mlangoni akifunga mafungu ya kamba za kupandia mwani. "Mwalimu naye," alisema. "Mwache mtoto wa watu akiweke popote. Sisi tunataka kutuma uzito wa mwani wetu kwa mnunuzi, dari hatuli."

Nilimjibu kwamba kazi ya ofisi haifanywi nusunusu. Akaguna na kuendelea na kamba zake.

Sikuwaambia kwamba wodini kuna mtu anasubiri. Sentensi moja ingetosha. Ninawajua wanawake hao wawili. Wangekiweka kifaa mezani kwa mikono yao na kunifungia mlango ili nizungumze kwa faragha. Niliinyamazia sentensi hiyo.

Rukia alipanda ngazi. Boriti za dari ni za mkoko mzee, drili ikakwama mara mbili. Alipokwisha kutoboa alipitisha waya ukutani kwa mshazari ili kufupisha njia. Nilimwambia autoe. Nilimtaka aupitishe kwenye pembe ya ukuta, wima na mlalo, ufunikwe na mfuniko wa plastiki. Alinitazama kutoka juu ya ngazi, akafuta jasho kwa ushungi wake, akautoa.

Saa nne na nusu ujumbe wa Salimu uliingia: "Ameamka, Baba Mkubwa. Tumemkalisha. Amevaa kofia yake."

Niliandika: "Fundi yupo kazini."

Haji hakuwa mtu wa kuvaa kofia siku isiyo ya Ijumaa wala Idi.

Ncha za waya zilifuata. Ndani ya waya kuna nyuzi nane za rangi, na kila uzi una nafasi yake kwenye kichwa kidogo cha plastiki kinachobanwa kwa koleo. Ncha ya kwanza haikushika na kifaa hakikuwaka. Akaikata akaanza upya. Safari hii taa nyeupe ikawaka darini, kwa sababu umeme wake unapita kwenye waya uleule wa mtandao. Bi. Mwanahawa akapiga kigelegele kimoja, kifupi. Rukia akafungua kompyuta yake ya mapajani, akakipa kifaa jina la chama, nami nikamwandikia neno la siri kwenye karatasi.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Kinaomba kusasishwa," Rukia alisema. "Kinafanya kazi hivihivi. Nisasishe sasa au nikuwekee kijisasishe chenyewe baadaye?"

"Sasa."

"Kitazima na kuwaka, Mwalimu. Kinakula muda."

"Nimesema sasa."

Niandike hapa jambo ambalo sikulijua asubuhi, au nililijua nikaligeuzia uso. Sikuwa nalinda utaratibu. Nilikuwa naogopa. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa mtu aliyedhulumiwa, na nimeikalia nafasi hiyo kama kiti changu mwenyewe. Nilijua kwamba nikimwona Haji na bomba lile shingoni, mimi ndiye nitakayeanza kuomba. Kila nilipomrudisha Rukia nyuma, nilikuwa najiongezea robo saa ya kuendelea kuwa na haki.

Saa tano na nusu simu ikalia kwa ujumbe. "Baba Mkubwa, wanamchukua mapema, mgonjwa aliyetangulia ameahirishwa. Piga sasa hivi."

Juu darini taa ilikuwa inafumba na kufumbua.

"Kisimamishe," nilimwambia Rukia. "Kirudishe kilivyokuwa."

"Nikikizima katikati kitakufa moja kwa moja. Kuna nini?"

Nikamwambia.

Aliondoa mikono kwenye kompyuta. Kisha alisema kwa sauti ya chini, "Ungesema, Mwalimu." Katika maisha yangu nimewasomea watoto wengi makosa yao, lakini sijawahi kumsomea mtoto kosa lake kwa upole kama ule.

Bi. Mwanahawa aliitupa kamba. "Piga simu ya kawaida basi! Koo ndilo bovu, masikio anayo."

Nilipiga. Namba ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, ikawa inatumika. Baadaye nilifahamu kwamba Salimu alikuwa ananipigia mimi wakati uleule, kila mmoja wetu akiifunga njia ya mwenzake. Nilipotulia ili aipate yangu, naye alikuwa ametulia. Hatimaye simu yake iliita bila kupokelewa, maana alikuwa anasukuma kitanda pamoja na wauguzi.

Saa sita kasoro dakika kumi taa ikawa ya buluu, ikatulia. Simu yangu ikashika mtandao. Nikapiga kwa picha.

Sijapata kuona picha safi kama ile. Niliona uso wa Salimu, niliona kuta za wodi zilivyobambuka rangi, niliona kitanda cha pili na mzee wa watu amelala. Nafasi ya Haji ilikuwa wazi. Kofia yake ilikuwa juu ya kabati dogo.

"Ameshaingia, Baba Mkubwa." Kisha akageuza daftari likatazama kamera. "Ameacha hii."

*Mwambie kaka asihangaike. Tutaonana nikitoka.*

Mwandiko wake naujua. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jiko, kabla hajaanza shule.

Mchana nilifanya kazi. Rukia alileta fomu ya kukabidhi, nikasoma kila kifungu na kutia saini kwamba kazi imekamilika. Alipokuwa anaondoka aliniachia namba yake na kuniambia nimpigie kwa lolote, hata lisilo la mtandao. Wanachama wakaja na simu zao. Nikaandika neno la siri ubaoni. Walicheka, wakaoneshana picha za wajukuu zao walioko mjini, na Bi. Mwanahawa alikuwa akija kila baada ya muda kunitazama bila kuniuliza kitu.

Baada ya sala ya Alasiri Salimu alipiga. Alipiga kwa picha, kwa kuwa sasa mtandao ulikuwepo. Niliuona uso wake kabla hajafungua mdomo, na sikuhitaji maneno.

"Baba ametutoka. Hakuamka baada ya upasuaji."

Tulisema yanayosemwa. Alikuwa amesimama kwenye ujia mrefu wa hospitali, watu wakipita nyuma yake na ndoo na mashuka. Nilimwuliza kama amekula. Akasema hajala.

Kisha akasema, "Masheikh wanataka tuzike hukuhuku Dar es Salaam, kesho saa nne asubuhi. Lakini ukipanda boti ya alfajiri utafika huku alasiri. Nimewaambia tutasogeza. Wewe ndiye mkubwa, Baba Mkubwa. Tutakusubiri."

Wewe ndiye mkubwa. Sijui kama alilichagua neno hilo au lilimtoka tu. Alikuwa na miaka kumi na minne siku ile ya Juani, alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, alisikia yote.

Nilifikiri kwamba ningeweza kukubali. Wangemweka hadi alasiri, na kwa mara ya kwanza ningesubiriwa, na ningemwona. Uso wake tu. Ningeuomba radhi uso usioweza kuitikia wala kukataa.

"Msinisubiri," nilimwambia. "Mzikeni saa nne."

"Una hakika, Baba Mkubwa?"

"Jua la huko ni kali."

Picha haikuganda, nilimwona akipumua, nilimwona akitazama chini, kisha akifunika macho kwa kiganja. Alikuwa ameelewa. Lakini niliyetaka anisikie hakuwepo, na Salimu hawezi kumpelekea.

Sasa giza linaingia na taa ya buluu inaonekana zaidi kuliko mchana. Waya umenyooka vizuri kwenye pembe ya ukuta. Hakuna atakayeweza kuutia dosari.

Nimeshafunga mkoba. Kesho alfajiri nitakuwa kwenye boti ya Kilindoni. Wakati wa kumshusha nitakuwa majini, au njiani ndani ya basi, nimekaa na watu wasionijua. Nitafika alasiri na kukuta udongo mbichi umeshanyunyiziwa maji, kama nilivyoukuta Juani. Na safari hii ni mimi niliyesema wasinisubiri.