Hukuniambia Oili Hubadilishwa Lini

Baba,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini ujue mapema kwamba naandika nikiwa nimekasirika. Nilijaribu kungoja hasira ipoe. Haijapoa.

Huu ni mwezi wa sita tangu tukuzike Ujiji. Watu wananiambia nikukumbuke kwa dua, na nakuombea, wallahi nakuombea. Ila kila nikimaliza dua linabaki swali moja, na wala si la dini. Oili ya ile pikipiki ulikuwa ukiibadilisha kila baada ya muda gani?

Usicheke. Swali hilo limetuumiza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka Katubuka asubuhi, mimi nimekumbatia madaftari ya wanafunzi, madumu yako matupu ya mawese yakigongana ubavuni. Unanishusha shuleni kwangu Kidahwe, wewe unaendelea vijijini kununua mawese. Jioni unanipitia. Uliponifundisha kuendesha, ulinifundisha kweli: gia, klachi, breki, namna ya kukata kona kwenye mchanga. Lakini kila nilipochuchumaa kutazama kule chini ya injini, ulinishika bega ukaniinua. "Hiyo niachie mimi, mwalimu. Utachafua mikono." Nikakuachia. Nilidhani ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia vizuri.

Kisha presha ikakuchukua kati ya adhuhuri na alasiri, siku moja tu. Hukupata nafasi ya kutuaga, sembuse ya kunieleza habari za oili.

Pikipiki ikabaki kwangu. Nikaanza kuuliza watu, na hapo ndipo nilipojua kwamba kila mtu mji huu ni fundi. Mwalimu Gervas, tunayefundisha naye, aliniambia kilomita elfu tatu, amesoma kwenye kitabu. Kilomita zipi, baba? Spidomita yako ilikufa mimi nikiwa kidato cha pili, mshale umelala kwenye sifuri hadi leo. Nikawauliza bodaboda pale kijiweni. Mmoja akasema wiki mbili, mwenzake akasema mwezi, wa tatu akasema ngoja iwe nyeusi. Nimeitazama mimi mwenyewe: siku chache tu imeshakuwa nyeusi! Sasa nibadilishe kila Jumatatu?

Mwisho nikamwendea baba mdogo Salumu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako, anakunywa chai kwenye kikombe chako. Akanijibu bila kuinua macho: "Kaka alikuwa anaongeza tu. Ikipungua, unaongeza. Oili si maziwa, haichachi."

Nikamsikiliza. Ni mdogo wako, umri wote mmekuwa pamoja, nikasema huyu ndiye anayejua. Nikaongeza mara ya kwanza, nikaongeza na ya pili. Ile ya zamani sikuimwaga hata siku moja.

Mwezi wa nne baada ya kukuzika, injini ikaanza kugonga. Taratibu, kama mtu anayetikisa kokoto kwenye kopo, hasa nikipanda mlima. Nikamwambia baba mdogo. Akasema, "Barabara hiyo." Barabara, baba! Juu ya lami! Nikaendelea kuiendesha hivyo hivyo. Umenilea nisibishane na wakubwa, na hilo nalo nalihesabu kwenye hasira zangu.

Jumamosi moja mama akaniomba nimpeleke Kidahwe kumwona mama mkubwa, alikuwa na malaria. Akapanda akakaa upande kama kawaida yake, kanga mbili, kikapu cha migebuka, wale samaki wa ziwani, mikavu, mapajani. Tulipoanza kupanda kile kilima cha mwisho, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikasema nitasimama juu pakiwa tambarare. Hatukufika. Injini ililia mara moja, kama bati linalokunjwa, ikakamata, haizunguki tena. Gurudumu la nyuma likaganda, tukaanguka.

Bahati yetu tulikuwa polepole. Mimi nilichubuka goti. Mama alitanguliza mkono. Nilimsikia akiita "Mawe!", yaani mama, kwa ile sauti ya Kiha anayoitumia akiumia kweli, na nilipogeuka kiganja chake kilikuwa kimekaa pabaya.

Tukakaa ukingoni mwa mtaro tukingoja gari. Nimemfunga mkono kwa kanga. Migebuka imetapakaa barabarani. Akaniuliza, polepole tu: "Ulimwaga oili lini?"

Sikiliza nilivyomjibu mama yangu, aliyevunjika mkono kwa sababu yangu. Nilimwambia, "Mama, tulia. Haya ya pikipiki huyajui."

Mama akauegemeza mkono kifuani. Kisha akasema: "Shati la kazi la baba yako nimelifua mimi miaka yote. Doa jekundu ni la mawese, hilo ukianika linaliwa na jua. Doa jeusi ni la oili, halitoki mpaka ukwangue. Na hilo jeusi lilikuja kila mche mmoja wa sabuni ulipokaribia kuisha. Wiki tatu, haizidi. Msimu wa mawese ukipamba moto, madumu yakiwa mazito, mche ulikuwa haujapita nusu."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nani aliniuliza?"

Baba, nilitamani ardhi inimeze. Nimezunguka kwa walimu, kwa bodaboda, kwa baba mdogo. Ndani ya nyumba kulikuwa na mtu anayelijua jibu, na nilimpita kila asubuhi akiwa kwenye beseni lake la kufulia. Nilikulaumu wewe kwamba uliniona mimi si wa kuelezwa. Kumbe na mimi nimemwona yeye si wa kuulizwa. Sijui nimeyatoa wapi. Au najua, na ndiyo maana nakuandikia.

Mwenye gari la mbao akatubeba hadi hospitali. Mfupa umevunjika sehemu moja, wakamfunga bandeji ngumu, wiki sita. Pikipiki nikaipeleka kwa fundi Bizimana, yule uliyezoea kumwachia injini tu, mengine ukifanya mwenyewe. Alipofungua nati ya chini, oili ilitoka nzito kama uji uliolala. Akaipaka kidoleni, akanionyesha chembe za chuma zinametameta. "Ego, ndiyo hivyo, mwalimu," akasema, "hii haikufa Jumamosi. Ilianza kufa zamani." Pistoni imekwaruzika, silinda imelika.

Baba mdogo akatokea, akainama akatazama, akatoa hukumu: "Uzee tu. Injini ilikuwa imechoka."

Nikashindwa kujizuia. Mbele ya fundi na wateja wake nikamwambia, "Haikuchoka, baba mdogo. Imekunywa uchafu miezi mitano kwa maneno yako, na mama ana mkono mmoja." Sikupandisha sauti, lakini nilisema. Akaondoka bila kuaga. Hadi leo hajatia mguu nyumbani, na ndugu wananiambia nikamwombe radhi. Nitakwenda kumwamkia, kwa sababu yako. Kumwomba radhi kwa kusema kweli, hapo sijafika.

Pistoni mpya imewekwa, na silinda. Fundi akaniambia oili ya kwanza niitoe mapema, baada ya wiki moja hivi, kwa sababu vyuma vipya vinasagana. Baada ya hapo kwa njia yangu na mizigo yangu, wiki tatu hadi nne, nisingoje kelele. Nikamwambia mama keshasema wiki tatu. Fundi akacheka: "Basi umekuja kwangu kufanya nini?"

Juzi nimeimwaga mwenyewe, uani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umening'inia shingoni, ananiongoza. Iwashe kidogo ipate joto, itatoka yote. Isimamishe wima, usiilaze. Usiikaze ile nati kwa hasira, baba yako aliikaza kwa hasira siku moja, ikaliwa meno, akatukana mpaka nikaziba masikio.

Wewe? Ulitukana? Nilicheka hadi nikakaa chini, spana mkononi, na kicheko kikageuka kilio sikujua saa ngapi. Mama hakuninyamazisha. Alingoja tu, kisha akaniambia nitie mpya, nipime kwa kile kijiti nione kama imefika kwenye alama. Ilikuwa imefika.

Hasira bado ninayo, baba. Imepungua kidogo, lakini ipo, nitakuja nayo Ijumaa nikipalilia kaburi lako. Ulitubeba mgongoni sote, mama na mimi, ukatusahaulisha kwamba tuna miguu. Mungu akulaze mahali pema hata hivyo, na akupe mapumziko ambayo hapa hukuyataka.

Nakuahidi hili. Mama amenitajia jana kwamba kabla hamjaoana uliishi Kagunga, kule mpakani, miaka miwili ukivua dagaa, ukataka kuacha kila kitu uvuke mpaka. Mimi hilo sikuwahi kulisikia kwako. Kesho nikitoka shule nitamkalia jikoni, nitamenya ndizi kwa sababu yeye hawezi, nimuulize ilikuwaje, na nani aliyekuzuia. Nitamuuliza na mengine yote. Akichoka kujibu nitamwacha, nitarudi kesho yake, kwa maana yeye bado yupo.

Mwanao,
Tausi