Mkasi wa Premji

Nairobi, 6 Machi 1967

Mama mpendwa,

Hujambo, na kifua chako kimepona? Mimi ni mzima, ila furaha imenifukuza usingizi. Mkubwa wetu ofisini amenipa kazi ya kuandika kanuni za vibali: mgeni yupi aruhusiwe kufanya kazi Kenya, kwa muda gani, na kwa faida ya nani. Mimi, msichana wa Marani! Nimependekeza hivi: kazi ambayo mwananchi anaiweza, mgeni asipewe kibali. Kwa msisimko niliwaambia wazee wa kamati, "Baba yangu ni mshonaji sokoni, anazijua shida hizi." Nilisahau kwamba ni kwetu Kisii tu mama anaitwa 'baba'. Wakaniuliza huyo baba anashona suti za aina gani.

Binti yako,
Persis

Marani, 27 Machi 1967

Persis mwanangu,

Bwana asifiwe. Kifua kimepoa, ng'ombe amezaa. Barua yako niliwasomea washonaji wenzangu, Bathsheba na Nyanchera, barazani kwenye duka la Premji, tukapiga vigelegele mpaka Mhindi wa watu akatoka na futi shingoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia kuna harusi. Unajua miaka yote hii tunashona alichokata yeye. Mkasi wake hatuugusi, na akikata suti anafunga mlango. Siku hizi naye ananiita 'baba' kama nyinyi watoto, hasa akitaka nimalize kazi haraka. Basi akienda, duka nalichukua mimi. Andika hiyo kanuni kwa wino mzito.

Mama yako,
Bochaberi

Marani, 19 Juni 1967

Persis,

Natumaini u mzima. Huku si sana. Premji amesikia kwamba vibali vitabana, ameacha kuagiza vitambaa Kisumu, anafunga masanduku. Nilifurahi wiki moja tu. Sasa cherehani zetu zimelala, maana pasipokatwa kitu hakuna cha kushona, na wateja wamehamia Kisii mjini. Nilimkatia mwalimu Ongeri suruali mwenyewe. Mguu mmoja ulimbana, mwingine ukawa gunia. Mwanangu, mmepima kazi kama ugali, eti mgeni akiondoka sahani yake tutaila sisi. Huyu anaondoka na jiko. Sitaki aende, wala sitaki abaki na mlango wake umefungwa. Nataka kujua kukata. Fikirini tena.

Mama yako,
Bochaberi

Nairobi, 4 Julai 1967

Mama,

Pole kwa hayo yote, na mwalimu Ongeri umpe pole yake. Barua yako niliisomea kamati nzima, nikairuka hiyo suruali. Walibishana hadi chai ikapoa. Mzee mmoja akasema kanuni niliileta mimi, sasa naivunja mimi. Nikakubali, ni kweli, nikaandika nyingine: mgeni mwenye ufundi apewe miaka miwili, mradi amfundishe mwananchi kazi yote, na mwanafunzi huyo afike ofisini mwenyewe kusema kwamba anafundishwa. Akificha ufundi, kibali hakiongezwi. Wameikubali, Mama. Lakini Premji akikataa kufungua mlango, mimi sina la kufanya.

Binti yako,
Persis

Marani, 11 Februari 1968

Persis wangu,

Sisi wote wazima, na wewe je? Usininunie kwa kimya changu, vidole vilivimba. Premji aliposikia kanuni yako alisema afadhali arudi kwao. Siku kadhaa akawa anafunga masanduku na kuyafungua tena. Kisha asubuhi moja akaita, "Baba, ingia," na mlango akauacha wazi.

Juzi tulikwenda Kisii kuomba kibali. Karani, si mtu wa kwetu, akamuuliza anamfundisha nani. Premji akajibu, "Baba." Karani akaandika kwamba Mhindi anamfundisha baba yake, akataka mzee huyo aletwe. Nikasimama mimi na gauni langu la kanisani. Akasema tunamchezea, akausogeza muhuri pembeni. Mwanangu, niliona mkasi unaniponyoka. Foleni ikaangua kicheko, mama mmoja wa Sironga akamweleza kwamba kwetu 'baba' ni mama. Karani akamgeukia Premji: nani alikufundisha kumwita hivyo? Premji akasema hakufundishwa, alizoea tu. Nami nikasema ananifundisha kazi yote, hata kukata. Muhuri ukagonga.

Nimekutumia koti. Nimelikata mimi, mwanzo hadi mwisho. Bega la kushoto limepanda kidogo, Premji alitaka nilifumue, nikakataa. Livae kwenye kamati. Wakikuuliza nani amelishona, waambie ni baba yako.

Mama yako,
Bochaberi