Beringi za Mashine ya Theluji

Jumatatu, 1 Septemba

Beringi mbili tena. Gurudumu la nyuma kushoto na lile linalolifuata. Nimezitoa kwa nyundo. Zilikuwa na siku tano tu.

Mashine hii ilitengenezewa theluji. Ni pikipiki iliyotolewa gurudumu la nyuma ikawekwa mkanda mpana wa mpira, na mbele ina ubao wa kuteleza. Mhandisi aliiona kwenye simu, akasema mchanga na theluji ni ndugu. Si ndugu. Theluji hupoza vyuma. Mchanga wa Ikutha, hapa Kitui, unavisaga. Ndani ya mkanda kuna magurudumu madogo kumi, kila moja na beringi mbili, zile pete zenye gololi zinazolifanya lizunguke. Ishirini. Nazijua kuliko binamu zangu.

Kazi yake ni kuvuta simiti kuvuka mto mkavu mpaka tunapojenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kuzuia mchanga ili uhifadhi maji ya mvua. Lori linazama. Punda wanagoma. Mashine inavuka, ikitaka.

Jambo moja zuri. Kila asubuhi naikuta safi, inang'aa. Mlinzi mpya ni mtu wa maana.

Jumatano, 3 Septemba

Mutua, msimamizi wetu, ameniambia mbele ya watu wote ili nisisahau. Ukuta ukifika juu kabla ya mvua, nitapata likizo. Mashine ikilala, simiti itabaki ng'ambo, ukuta hautaisha, na mimi sitoki hapa mpaka mwaka ujao.

Mtoto wangu Mideva ana mwaka mmoja na miezi miwili. Sijamwona. Nilitoka nyumbani Vihiga mke wangu Rose akiwa na mimba. Nikipiga simu mtoto husikia sauti yangu, huangalia nyuma ya simu, halafu huenda zake. Rose hunieleza ukweli wote. Siku nyingine ningependa adanganye.

Kazi hii nilijitafutia mwenyewe. Niliajiriwa kubeba mawe. Mashine ilipokuja wakauliza nani anajua beringi, nikainua mkono kwa sababu niliwahi kufanya kazi kwa mashine ya posho, ya kusaga mahindi. Shule niliachia darasa la sita. Hawakuuliza. Sasa natamani mawe.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimetumwa Kibwezi, upande wa Makueni, kununua beringi. Mwenye duka akauliza ni za gari gani. Nikamwambia. Akamwita mke wake kutoka nyuma, akaniambia, "Rudia."

Nikarudia. Mke akauliza kama siku hizi Kitui kuna theluji. Nikasema hakuna, na hiyo ndiyo shida.

Wakacheka mpaka wakanipa kiti. Lakini alinipa beringi nzuri, zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Akanionya pia nisiongeze grisi mpaka ifurike, kwa sababu ikipata joto inasukuma kifuniko nje. Hivyo ndivyo nimekuwa nikifanya tangu Julai. Mutua hatasikia habari hiyo kutoka kwangu.

Jumanne, 9 Septemba

Grisi kidogo. Mkanda nimeulegeza kidogo. Mutua nimemwomba asiendeshe kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Siku tatu tu. Leo gurudumu la tatu limeshika, mkanda ukalikwangua mpaka likawa bapa upande mmoja.

Mutua akasimama katikati ya mto akanitazama. Afadhali angetukana.

Mpishi amenishauri niiombee. Nimeiombea. Kwa sauti ndogo, nikijifanya natafuta spana.

Jumatano, 10 Septemba

Leo sikuitupa beringi iliyokufa. Niling'oa kifuniko chake kwa sindano. Nilitegemea mchanga. Nikakuta uji. Grisi imegeuka nyeupe, nyepesi, na kutu pembeni. Niliona hivyo kwa mashine ya posho mwaka ule paa lilipovuja. Hayo ni maji.

Maji ya wapi? Mto ni mkavu. Mvua tumeisahau. Hapa hata ya kunywa tunapimiana kwa kikombe.

Jioni sikwenda kula na wengine. Nikajificha nyuma ya rundo la mawe, najiona mjinga. Mutua alizima mashine akaenda. Hata dakika tano hazijaisha, wakaja wanawake wanne wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi ambacho ndicho kinajenga bwawa. Mbele yao Kalunde, mwenyekiti. Walibeba mtungi wa lita ishirini.

Wakaiosha. Gurudumu moja baada ya jingine, taratibu, bila kumwaga tone ovyo. Vyuma vilikuwa na moto wa kukaanga yai, vikatoa mvuke. Kalunde akalipapasa tangi kama shavu la ng'ombe, akaipa mashine pole kwa kazi.

Chuma cha moto kikipozwa ghafla, hewa iliyo ndani hujikunja na kuvuta chochote kilicho nje. Maji yanaingia, na vumbi lake. Kifuniko hakizuii. Mlinzi hajawahi kugusa kitambaa tangu aajiriwe.

Maji yenyewe wanayachota kwa zamu kwenye shimo la mchangani. Kalunde hupanga foleni kabla ya jogoo. Nimekasirika na nimeona aibu, vyote pamoja.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilisema asubuhi baada ya maombi, wote wakiwepo. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri. Mdomo ukatoa haya: "Maji yenu ndiyo yanaua mashine."

Kalunde akauliza, "Maji yetu ni machafu, fundi?"

Nikasema si machafu, ni mengi. Ikutha hii hakuna mtu amewahi kuambiwa ana maji mengi. Mwanamume mmoja akacheka. Wanawake hawakucheka. Walifunga leso zao viunoni wakaenda nyumbani, wote arobaini.

Mutua akasema, "Mashine ilikushinda. Sasa umeharibu na watu."

Ijumaa, 12 Septemba

Hakuna kazi. Ukuta umefika kifuani, unanitazama. Mawingu madogo upande wa Mutomo. Nimechukia mawingu kwa mara ya kwanza maishani.

Rose amepiga. Sikumwambia.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda kwa Kalunde. Nilibeba beringi iliyokufa kwenye sahani ya bati. Nikamwita mwaitu, yaani mama, kama watu wa hapa wanavyosema. Alinipa kiti. Chai hakunipa. Nikajua nimesimama wapi.

Alitia kidole kwenye ule uji akausugua, akasikia chembe. Nikamweleza jinsi chuma cha moto kinavyovuta.

"Kwani inapumua?"

"Ikiwa na joto inapumua, mwaitu."

"Mbona hukusema hivyo? Punda wangu akitoka kazini na jasho, simpi maji mpaka apoe. Mtoto wa darasa la pili anajua. Wewe ulisimama ukaanza habari ya maji yetu."

Nikasema nimekosa. Akasema ndiyo, nimekosa.

Halafu akaniambia waliichukulia kama mgeni. Imetoka mbali, hapa haina ndugu, na inafanya kazi kuliko mume wake. Mgeni wa namna hiyo hawezi kulala na vumbi. Mimi nami nimetoka mbali na sijawahi kuletewa hata kata moja ya maji. Nilifunga mdomo. Nilikuwa nimeshausumbua wiki hii.

Chai ikaja. Na kiazi kitamu.

Jumatatu, 15 Septemba

Wamerudi wote. Kalunde ametoa amri. Jioni hakuna mkono kuigusa mpaka ipoe yenyewe. Asubuhi kitambaa kilichokamuliwa, basi. Beringi zote ishirini nimeweka mpya.

Wameijengea kivuli cha matawi. Mchana nilimkuta mama mmoja anaipepea kwa kipande cha katoni. Nikamwambia haihitaji. Akaniambia nishughulike na yangu.

Jumatano, 24 Septemba

Siku tisa. Hakuna iliyokufa.

Kila asubuhi nazungusha magurudumu kwa mkono na kusikiliza. Ncha ya bisibisi kwenye chuma, sikio kwenye kipini. Kalunde amejifunza. Husikiliza akiwa amefumba macho kama yuko kanisani. Leo alisema ya nne kulia inakohoa. Nikabisha. Tukabishana mpaka nikaifungua ili anyamaze.

Kifuniko kimepasuka kidogo. Chembe mbili za mchanga.

Nimenuna mpaka saa nane. Halafu nikamshukuru, bila kumtazama.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mfuko wa mwisho umevuka. Ukuta uko juu. Mawingu ni mazito sasa, acha yaje.

Mutua akaanza tena. Kwamba mashine bado itavuta mawe ya kingo. Kwamba nikienda nani ataisikiliza. Nikajua sauti hiyo. Ni sauti ya kunyima mtu likizo.

Kalunde alikuwa anakunja magunia. Akasema, "Mimi. Anayebisha aje tusikilize naye."

Mutua akaniruhusu. Nina wiki mbili. Nimemwachia Kalunde bisibisi na kopo la grisi, nikamkumbusha atie kidogo. Akasema amesikia hilo mara kumi, niende nyumbani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nyumbani. Kumenyesha asubuhi yote.

Mideva ni mfupi kuliko nilivyofikiri. Ana masikio ya mama yangu. Alinitazama kutoka nyuma ya sketi ya Rose kwa muda mrefu. Sikumwita. Nilikaa kwenye kochi nikala.

Baada ya chai alitembea mpaka mlangoni, akarudi na kiatu changu kimoja, akaniwekea miguuni. Akaenda tena, akaleta cha pili. Rose akaona haya. Akasema hivyo ndivyo huwafanyia wageni wakikaa sana.

Nimevivaa. Nikamuaga Mideva vizuri, nikatoka, nikazunguka nyumba kwenye matope. Halafu nikapiga hodi.

Ni yeye aliyefungua.